Tarumbeta Vuguvugu

Niliposhika tarumbeta langu asubuhi ile, lilikuwa vuguvugu.

Jana yake nililiacha humu studio kwa sababu prodyuza aliniambia, "Liache tu, kaka, kwani kuna mwizi hapa?" Chumba kina kiyoyozi cha kugandisha mifupa. Shaba iliyolala humu huamka ya baridi kama chuma cha geti.

Nikabonyeza kidude cha kutolea maji ya pumzi ya mpigaji. Tone likadondokea kiatu changu, kisha la pili. Pumzi ya nani hiyo? Mimi nilikuwa sijapuliza hata noti moja.

"Leo tunaanza na wimbo wa pili," prodyuza akasema, macho yake kwenye mashine. "Ule wa kwanza achana nao."

Miaka kumi na minane nimepuliza kwenye nyimbo za watu, na jina langu halijaandikwa popote. Sijawahi kuona studio inayoanzia wimbo wa pili.

Mpiga tarumbeta akimaliza kupiga, mdomo wake hubaki na alama ya duara kwa dakika kadhaa, hata afute vipi. Nikaanza kuangalia midomo. Prodyuza, hana. Mpiga besi, hana.

Kwenye kochi alikaa shemeji yangu, niliyemfundisha tarumbeta mwenyewe sebuleni kwangu. Alikuwa ameziba mdomo kwa kikombe cha chai, anaipuliza, anaipuliza, na chai yenyewe haitoi mvuke.

"Shemeji," nikamwambia, "hebu shusha kikombe."