Swali Lililozimwa

Miaka ile kumbukumbu za watu zilihifadhiwa kama mafaili, na kila nyumba ilikuwa na kioo ukutani cha kuzipangia. Mama mmoja aitwaye Sikudhani alitaka kufuta siku moja tu, ile aliyofariki binti yake Mwanakheri hospitalini. Lakini kila alipoivuta kwa kidole kuelekea kwenye kapu la taka, kioo kilimwuliza, "Una hakika unataka kufuta?" kisha kikamwonyesha tena kitanda cha mtoto. Aliangua kilio, akaacha.

Mumewe, Shemweta, alishindwa kuvumilia. Asubuhi moja aliingia kwenye mipangilio, akalizima lile swali.

"Sasa vuta tu, Mama Mwanakheri. Hakitakuuliza tena."

"Ahsante, Baba Mwanakheri," alijibu, akageukia kioo.

Shemweta aliporudi kutoka kazini alasiri, alimkuta mkewe akikunja nguo huku anaimba. Hakuwa ameimba tangu mazishi. Moyo ulimtulia, mpaka alipotazama ukutani. Folda nzima ya Mwanakheri, miaka yake yote saba, haikuwapo, na kapu lilikuwa limekwisha kujimwaga. Kidole cha mkewe kilikuwa kimeburuta folda badala ya faili la siku ile, na hapakuwa na swali la kumzuia.

"Shemweta," mkewe alimwita kwa jina, kama enzi za uchumba wao. "Hii sare ya shule ni ya nani?"

"Ya mtoto wa jirani."

"Maskini, atakuwa anaitafuta. Hebu mpelekee."

Aliipokea, akatoka nayo hadi barazani, akasimama pale asijue aelekee nyumba ipi.