Shamba la Bwana Jela

Palitokea Nungunungu mmoja aliyefungwa kwa kuiba boga, siku ambayo wanawe walikuwa hawajala. Mbwa, bwana jela, akamwambia, "Hapa utafunzwa kazi, utoke raia mwema." Akampa jembe, akamtia kulima mihogo katika shamba lake mwenyewe. Nungunungu akalima mpaka akaipenda kazi.

Kifungo kilipokwisha, akamrudia kwa adabu.

"Mzee, naomba kibarua. Kulima umenifunza wewe."

"Siajiri wezi," Mbwa akajibu.

"Sasa nani atakulimia?"

"Wafungwa wapo."

Nungunungu akasimama kidogo, akiwafikiria wanawe. Kisha akang'oa mihogo Mbwa akimtazama, akawapelekea. Askari walipomfuata hakukimbia.

Kesho yake alikuwa shambani kwa Mbwa, akilima bila ujira.