Bia Iliyovuka Bahari

Mama Kibogoyo aliinusa glasi ya kwanza kama alivyoona watu wakifanya kwenye televisheni, na povu likamwingia puani. Akapiga chafya mbili. Kisha akajikaza, akafumba macho na kutikisa kichwa taratibu, kana kwamba chafya nayo ni sehemu ya utaalamu.

Chumba cha kuonjea cha kiwanda cha bia kilikuwa cheupe kama wodi. Mezani, kila mwombaji kazi alikuwa na glasi tatu zisizo na alama, maji ya kusukutua na vipande vya mkate mkavu. Mkate ulikuwa wa kusafishia ulimi kati ya glasi na glasi. Yeye alikuwa ameshaumaliza wake wote kabla ya kuanza, akidhani ni ukarimu. Asubuhi ile hakuwa amekunywa hata chai.

Upande wa pili wa meza alikaa mkuu wa waonjaji, mama mtu mzima mwenye koti jeupe, ambaye kiwanda kizima kilimwita Bibi Pua. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliwaambia tu kwamba nafasi ya mwonjaji ni moja na waliobaki ni wawili, kisha akauliza: ipi hapo ni bia ya ng'ambo, na ipi ya hapa nyumbani?

Aliyebaki pamoja na Mama Kibogoyo alikuwa kaka mmoja aliyevaa tai, aliyeonja kimya kimya kama mtu anayemeza dawa.

Mtaani walimwita Mama Kibogoyo kwa sababu ya mwanawe, aliyefikisha mwaka mzima na ufizi mtupu. Na ukweli ni kwamba ulimi wake ulikuwa na uzoefu wa kitu kimoja tu: kuonja uji wa huyo mtoto kama umepoa. Bia ya ng'ambo aliinywa mara moja, siku ya harusi yake, nusu glasi, akacheka mpaka akaombwa akae chini. Lakini wifi yake, anayefanya usafi hapo kiwandani, alipomletea habari ya nafasi hiyo, alijikuta akijibu kwamba bia anaijua hata akiwa usingizini.

Angejibu nini kingine? Kibarua cha mumewe kilikuwa kimekwisha. Mama mkwe alishasema, tena kwa upole, kwamba mwezi ukiisha na nyumba ile haina hata kazi moja, atakuja kumchukua mjukuu akamlee kwake, safari ya siku nzima kutoka hapo. Blanketi la mtoto alikuwa ameshaanza kulifuma.

Basi akaonja glasi zote, akakohoa kidogo, akaanza.

"Hii ya kwanza ni ya kwetu," alisema. "Ina jua ndani yake. Ukiinywa unamsikia jirani akipiga hodi."

Bibi Pua alimtazama bila kupepesa. Mama Kibogoyo akaona hiyo ni dalili njema, akazidi kujiachia. Ya pili, alieleza, ndiyo ya ng'ambo. Imetoka mahali penye theluji, ambako watu huongea kidogo na ng'ombe huvalishwa kengele. Maji yake yameteremka mlimani polepole, hayana haraka na mtu. Halafu kuna safari ya meli humo. Chumvi unaisikia kwa mbali.

"Na ya tatu?"

"Ni hiyo hiyo ya ng'ambo, mama. Ila hii ina huzuni kidogo. Imekumbuka kwao."

Bibi Pua akamgeukia kaka wa tai. Huyo akaweka glasi chini na kusema kwamba kwake yeye zote tatu ni kitu kimoja.

Mama Kibogoyo alimhurumia kwa dhati. Kidogo amkanyage mguu chini ya meza, amwashirie ajitetee. Maskini, huenda naye ana mtoto.

Bibi Pua akainuka na kuvuta pazia. Nyuma ya kioo kulikuwa na matangi marefu yanayong'aa, na chini yake chupa zenye lebo za dhahabu, za bia ile ile ya harusini, zikipita kwa foleni huku zikigongana.

"Ng'ambo ndiyo ile," alisema. "Huiva kwenye tangi la pembeni, kwa kibali cha wenye chapa huko kwao. Glasi zote nimezikinga hapo leo asubuhi."

Hapakuwa na meli, wala mlima. Maji yasiyo na haraka na mtu yalikuwa yanatoka kwenye bomba lile lile linalokatika mtaani kwao kila wiki. Mama Kibogoyo alitamani sakafu ifunguke immeze yeye pamoja na ng'ombe wake.

Kaka wa tai alipewa mkono wa hongera, akaambiwa aende akapimwe koti. Mama Kibogoyo akaokota mkoba wake. Aliomba radhi kwa maneno mengi, na kwa mkate pia. Njiani angekuwa na muda wa kufikiria namna ya kumpigia simu mama mkwe. Alishashika kitasa cha mlango aliposikia akiitwa.

"Binti. Huko ulikokusema, umewahi kufika?"

"Sijafika, mama," alijibu, macho chini. "Hata friji sina. Nimebuni tu."

"Yote?"

"Yote."

Bibi Pua akamvutia kiti.

"Basi rudi ukae. Mwezi ujao tunaanza kupika bia nyingine ya ng'ambo, na mpaka leo hatujui tuseme inatoka nchi gani."