Ganzi ya Saumu

Hewa ya juu ilikuwa imechafuka kiasi cha kupepeta ndege kama mchele kwenye ungo, kwa hiyo wahudumu wote wa ndege walichomwa ganzi ya mwaka mzima. Wakirushwa wakajigonga, huinuka na kuendelea kugawa chai. Ndiyo maana kila Saumu, mmoja wao, aliporudi nyumbani, mama yake, Bi Mwanasiti, alimkalisha jikoni akampapasa mwili mzima, maana mwenyewe hakujua alipoumia.

“Kitendawili!” bibi alisema, ili mjukuu wake Mwatumu asiogope.

“Tega!”

“Nyumba yangu inabomolewa, nami nimo ndani nakunywa chai.”

“Mama!” Mwatumu alijibu, wote wakacheka.

Vidole vya Bi Mwanasiti vilifika ubavuni, vikakuta pamebonyea.

“Mwanangu, ubavu umevunjika huu. Waambie waitoe hiyo ganzi.”

“Wakiitoa, kesho nitapandaje ndege? Nifunge tu, mama.”

Bi Mwanasiti alikwenda chumbani kutafuta kanga kuukuu ya kumfunga ubavu. Hata hajaipata, Mwatumu alipiga ukelele. Bibi alirudi mbio akamkuta mtoto amekumbatia mkono wake, vidole vimetoka malengelenge, na sufuria ya uji inachemka motoni. Saumu alikuwa ameketi palepale, karibu yake kabisa.

“Hukumwona, wewe?”

“Nilimwona akiishika sufuria,” Saumu alisema kwa upole. “Sasa analia nini?”

Bi Mwanasiti alimtazama usoni, akingoja acheke. Hakucheka.