Jaketi la Adelard

Kokushubira aliingia ziwani na gauni lake, jaketi okozi la rangi ya chungwa likiwa limemkaa kifuani. Maji yalipomfika kidevuni, akainua miguu. Jaketi likamwelesha. Alihesabu kimoyomoyo hadi mia, akatoka akichuruzika maji, akalivua na kuchukua jingine.

Abiria walikuwa wamekaa juu ya mikungu ya ndizi na magunia ya maharage, wakisubiri.

"Mama Mwesiga, soko la Kaisho litatuishia," alilalamika Niyitegeka, kibarua wa mashamba ya kahawa. "Si uyakague hapa nchi kavu?"

"Nchi kavu majaketi yote ni mazima," akamjibu Kokushubira.

Kwa miaka miwili alikuwa akifika pale kivukoni kila siku ya soko, bila kuitwa na mtu. Alivuta mikanda, akafunga na kufungua vifungo, akabonyeza sponji kuona kama limenyonya maji. Kisha aliwavalisha abiria mmoja mmoja, akawashika jaketi mabegani na kulivuta juu. Likipanda hadi masikioni, alimtafutia mtu huyo dogo zaidi. Aliyekwisha kuvalishwa hakuruhusiwa kubadilishana na mwenzake.

Lameck, mwenye mtumbwi, alisimama pembeni na kafi lake, macho chini. Alitamani mama huyu amtukane, hata siku moja tu.

Miaka miwili nyuma, asubuhi ya mawingu, Kokushubira na mumewe Adelard walikuja kuvuka. Mtumbwi ulikuwa na majaketi mawili tu ya abiria. Moja, mshono wa ubavuni ulikuwa umeachia na sponji lake limeoza. Lameck alilijua hilo tangu masika. Kila wiki alijiambia atatafuta jingine. Asubuhi ile aliyatupa yote mawili nyasini, akainama kuchota maji yaliyoingia mtumbwini. Alipoinua kichwa, mke na mume walikuwa wamekwisha kuvaa.

Katikati ya ziwa upepo ukawapindua. Lameck aling'ang'ania ubavu wa mtumbwi. Kokushubira alielea. Adelard alipatikana siku ya tatu kwenye mafunjo, jaketi bovu likiwa bado mwilini, zito kwa maji.

Kwenye mkutano wa kijiji watu walitaka Lameck apelekwe polisi. Kokushubira, aliyekuwa bado na kitambaa cha msiba kichwani, akasimama.

"Mwacheni," alisema. "Msimtafute mwenye kosa."

Watu wakaliacha shauri hilo, wengine wakilia kwa wema wake. Hakuna aliyemuuliza Lameck kama alijua, naye hakusema. Tangu hapo, kila Jumapili ya ushirika, wenzake walipokwenda mbele kupiga magoti altareni, yeye alibaki kwenye benchi akijifanya anatafuta wimbo kitabuni.

Siku hii, alipowavusha abiria wa mwisho na kurudi, alimkuta Kokushubira peke yake, ameketi juu ya jiwe, anakamua pindo la gauni. Lameck aliuvuta mtumbwi nchi kavu, akamwendea. Akapiga magoti topeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamefika salama?"

"Wamefika. Mama, nina neno. Nikilala nalo tena leo nitapata wazimu."

"Sema, Lameck."

"Nilijua. Jaketi lile nilijua limeoza. Nilijua mapema kabisa, na bado niliwatupia. Kule mkutanoni ulinitetea ukidhani ni bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya, mama. Mimi ndiye niliyemuua mume wako."

Kokushubira aliliacha gauni. Akageuza uso, akatazama ziwa.

"Simama," akasema.

"Siwezi. Nisamehe kwanza, waitu, nakusihi. Au niambie niende polisi, nitakwenda sasa hivi kwa miguu."

"Simama, Lameck. Mimi si mtu wa kupigiwa magoti."

Alipofungua tena mdomo, sauti ilitoka ndogo kiasi kwamba Lameck alilazimika kusogea.

"Lile bovu nililiokota mimi. Nililivaa. Nikapitisha mkono ubavuni, nikakuta mshono uko wazi na sponji linamomonyoka vidoleni."

Akajishika ubavuni.

"Nikamwambia Adelard linanibana kifua. Akalivua lake palepale, akanivalisha kwa mikono yake mwenyewe."