Jeneza la Mgomba

Saa nne asubuhi, Jumamosi moja ya mwaka 1996, wanaume sita wa Khayega walitoa jeneza nyumbani kwa Nanjala. Liliwalemea.

"Huu mgomba unakulanga mawe?" alinung'unika Phanuel, mmoja wa wabebaji.

"Umetoka bondeni. Umekunywa maji," Nanjala alimjibu.

Mwili usipopatikana, ukoo wao huzika shina la mgomba badala yake. Na mwili wa Wanzala, mume wa Nanjala, haukupatikana.

Chrispinus, aliyemiliki lori pamoja na Wanzala, alikuwa amerudi peke yake kutoka jangwa la Chalbi. Kisa alicholeta kilijulikana na kila dereva wa kaskazini: usiku, jangwa lile humwita mtu kwa jina, kwa sauti anayoifahamu. Anayeitika haonekani tena.

"Wanzala aliitika," Chrispinus aliwaambia waombolezaji kwa mara nyingine. "Akaingia mchangani anatabasamu. Nilimtafuta mpaka alfajiri. Nikamwachia mtungi mzima wa maji, akirudi aukute. Mimi si mtu wa kuondoka na maji ya mwenzangu."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari ya maji.

"Asante, shemeji," Nanjala alisema.

Kwa majuma kadhaa mwanamke huyo alikataa mazishi, na bila mazishi wazee wa ukoo hawangemwachia Chrispinus lori. Kisha akasafiri, alisema anakwenda kwa dadake, ingawa basi alilopanda lilielekea kaskazini. Siku kadhaa baadaye alirudi usiku, na kesho yake tu akaagiza jeneza. Tangu hapo alikuwa akipeleka obusuma na ingokho, ugali na kuku, katika chumba lilimowekwa, na kufunga mlango nyuma yake. Majirani walimwonea huruma.

"Siku hizi mgomba nao unakulanga kuku," mmoja wao alinong'ona. Wenzake walimkanya, lakini walicheka.

Jeneza liliwekwa kando ya kaburi. Nanjala alileta koti la Wanzala, lile ambalo Chrispinus alilirudisha kutoka safarini.

"Limebaki jambo moja, shemeji. Aliyemwona marehemu mwisho ndiye huuvisha mgomba nguo yake."

"Basi tumalize," Chrispinus alisema, akalipokea koti. Macho yake yalikuwa kwenye lori lililoegeshwa nje ya ua.

Nyuma yake, ndugu wanne wa Wanzala walisogea polepole, wakasimama kati yake na lango. Mmoja alilifunga.

Kifuniko cha jeneza hakikuwa kimepigiliwa misumari. Chrispinus alikiinua kwa mkono mmoja.

Mtu aliyelala humo alikuwa na midomo iliyopasuka kwa jua. Alifumbua macho.

"Chrispinus," Wanzala aliita.

Chrispinus akaitika.