Majina ya Mwisho wa Waraka

Kwa miaka kumi na mmoja Mwalimu Eliakimu, mwanafalsafa, alikuwa akiandika ufafanuzi wa nyaraka za mtume. Katika waraka mmoja aliruka ukurasa wa mwisho, kwa sababu aliona una salamu tu na hauna hoja.

Jumamosi moja akina mama waliokuwa wakisugua mabenchi ya kanisa walimwomba awasomee waraka huo. Akasoma mpaka penye salamu, akafunga kitabu.

"Barua haijaisha, Mwalimu," alisema Bibi Tabea, mkubwa wao.

"Yamebaki majina, Bibi. Wenyewe walishakufa zamani."

"Basi soma, tuwapokelee."

Katika mji ule, barua iliposomwa, kila aliyesalimiwa alijibu "zimefika", na asipokuwepo, mwingine alimpokelea. Mwalimu alilijua hilo tangu utoto. Akafungua kitabu, akasoma jina la kwanza.

"Zimefika," akaitikia mama mmoja, tambara mkononi.

Akasoma la pili, akaitikia mwingine. Watu aliowaruka kwenye ufafanuzi wake wakawa wanapata wa kuwapokelea, mmoja baada ya mwingine.

Alipolisoma jina la mwisho, kila mama alikuwa ameshampokelea mtu wake. Hakuna aliyejibu. Bibi Tabea alimtazama tu, maji yakidondoka sakafuni kutoka kwenye tambara lake.

Mwalimu akavua miwani, akasimama wima kama mtu aliyesikia akiitwa.